Mtoki wa Bwana Afya

Mke wangu aliisikia habari hii kwenye arusi ya watu, ikisimuliwa na mwanamke ambaye hakujua kwamba mwenye aibu ndiye mume wa huyo aliyekaa naye jamvi moja, na aliporudi nyumbani hakuniuliza kitu, alinitazama tu kiunoni na kushuka chini, akaanza kucheka upya. Basi, jamani, kwa kuwa imeshafika mpaka arusini, na kwa kuwa wanaoisimulia wanaikosea (wapo wanaosema nililia, na mimi sikulia), naona bora niieleze mwenyewe kwa mpangilio wake, ingawa hata sasa nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa kijana, mzaliwa wa Tingi, nimetoka chuoni nikapangiwa kazi ya Bwana Afya katika kijiji kimoja kipya upande wa Njinjo. Bwana Afya, kwa wasiojua, si daktari. Ni yule anayepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, kuhimiza maji yachemshwe na kuwaudhi watu, na katika hilo la kuudhi nilikuwa hodari kweli. Hapakuwa na mkutano niliouacha upite bila kusema habari ya viatu: msiende shamba peku, safura inaingilia nyayoni, jeraha la mguuni ni mlango ulioachwa wazi, vaeni hata katambuga za tairi. Niliwasema watu wenye umri wa baba yangu mbele ya wake zao. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbonde, ambaye alikuwa ametembea peku tangu azaliwe na miguu yake ilikuwa migumu kuliko tairi lenyewe, alinunua katambuga kwa sababu ya kelele zangu tu.

Sasa pakawa na jambo la chanjo. Watu wa chanjo ya ndui walikuwa wamekuja mara moja na Landrover yao, wakachanja watu wachache maana dawa ilikuwa haba, na mimi nilikunja shati nikachanjwa wa kwanza ili wengine waone. Aliyenifuata alikuwa Zainabu, mama kijana, akamtoa mwanawe Hamisi. Siku chache baadaye Hamisi akavimba kwapani, upande ule ule wa mkono uliochanjwa, kijiuvimbe cha duara kinachoteleza chini ya ngozi kama njugu mawe. Ikatosha. Ikasemwa kwamba chanjo inaleta mtoki. (Mtoki kwetu kila mtu anaujua, ni ule uvimbe wa kinenani au kwapani unaokuja ukiwa na kidonda mguuni au mkononi.) Kina mama wakasema Landrover ikirudi hawatoi mtoto hata mmoja.

Na Landrover ilikuwa irudi mara moja tu, kabla ya mvua, kwa sababu mvua zikishika barabara ya kutoka Kilwa hugeuka uji, na mtoto ambaye hangechanjwa siku hiyo angekaa hivyo hivyo bila kinga mpaka mwaka wa pili. Ndui haikuwa hadithi pale kijijini. Walikuwapo wazee wenye nyuso zilizochimbika. Bi Somoe, kungwi wa kijiji, mwanamke ambaye akisema keti hata mwenyekiti hukaa, jicho lake moja lilizimwa na ugonjwa huo utotoni. Kwa hiyo nililichukua jambo hili kwa uzito wote, na hapo ndipo nilipojiponza, maana mtu mwenye jambo zito mkononi hajui kuangalia miguu yake.

Niliwaita kina mama uwanja wa shule nikawapa somo. Lazima niseme kwamba somo lenyewe lilikuwa zuri. Kule chuoni walitupatia hadubini tutazame kipande chembamba sana cha tezi la binadamu, na mpaka leo sijaona kitu kilichonipendeza kama kile. Tezi ni karakana. Yamo mengi kwapani, kinenani, shingoni, na yale mafundo mawili ya kooni ni ndugu zao. Ndani yake zimejaa chembe hai, na baadhi ya chembe hizo, zikishapata habari kwamba adui fulani ameingia mwilini, hunenepa, huzaana kwa wingi, kisha hushika kazi moja tu, kutengeneza kinga ya kumnasa adui yule yule na si mwingine (kinga hizo siku hizi vijana wanaziita kingamwili). Ukizitazama chembe hizo utaona kiini chake hakikai katikati, kimesogea pembeni, kama fundi aliyesukuma kitanda ukutani apate nafasi ya kufanyia kazi. Mimi niliyapenda mambo haya kupita kiasi, nikataka kila mtu ayapende, na hilo nalo lina gharama yake.

Nikawauliza kina mama, "Nguruwe akiingia shambani kwako, mtego wa ngedere utamnasa?"

"Hautamnasa," wakaitikia.

"Na fundi wa mitego akiziona nyayo zake, hatajua amtegee nini?"

"Atajua."

"Basi chanjo ni nyayo. Nguruwe mwenyewe hajafika. Tumewapelekea nyayo mafundi walioko ndani ya tezi, wameziona, wameitana, karakana imefurika watu, ndiyo maana kwapa la Hamisi limevimba. Mle ndani mitego inasukwa usiku na mchana. Siku ndui akija atakuta imeshategwa."

Nikaona nimewapata. Ndipo Bi Somoe akanyoosha mkono. Alikuwa na umri wa bibi yangu, kwa hiyo kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wake, tena kwa sauti.

"Mume wangu, hao mafundi wanalipwa nini?"

"Hawalipwi kitu, bibi."

"Kumbe hao ndio wajamaa wenyewe. Sisi tunajaribu tu."

Wakacheka, nami nikacheka, na kama ningekomea hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilikuwa na neno moja zaidi. Pale kijijini mtu akipata mtoki walimketisha juu ya kinu kilichopinduliwa, mama mtu mzima akapasha mwiko wa ugali motoni akaukandia ule uvimbe, na mgonjwa alitakiwa kutaja kwa sauti, mbele ya waliopo, kidonda kilichouleta na namna alivyokipata. Asipotaja kweli, walisema, mtoki hauondoki. Nikasimama pale nikasema huo ni upuuzi, mwiko ni wa ugali, na kwamba kuanzia siku ile ni marufuku kumkanda mtu tezi. Bi Somoe akanitazama kwa lile jicho lake zima. Nikadhani nimeshinda.

Wiki ile ile, alfajiri, likagongwa rimu la lori lililokuwa kengele yetu, watu waende shamba la bega kwa bega, lile la pamoja. Katambuga yangu moja ilikuwa imekatika ukanda. Ningeweza kuushona kwa waya, ingenichukua muda mfupi tu, lakini Bwana Afya kuchelewa shamba la ujamaa ilikuwa aibu, na kulikuwa bado na giza kidogo, nikajisemea nani atatazama miguu. Nikaenda peku. Hatukufika hata katikati ya kipande chetu, nikakanyaga kigutu cha bua la mtama, kikaingia baina ya vidole vya mguu wa kulia mpaka nikaona nyota.

Hapo nilikuwa na neno moja tu la kusema: jamani, nimechomwa. Mzee Mbonde alikuwa hatua chache nyuma yangu na katambuga zake. Nikalimeza lile neno. Nikajifanya nachimbua mzizi, nikachomoa kile kijiti, nikafunga kitambaa, nikaendelea kulima huku nikiimba na wenzangu. Mambo yote yaliyofuata yametoka katika kimya kile.

Kitambaa mguuni kinaonekana, kwa hiyo nikahitaji kiatu cha kukifunika, na viatu vya kufunika pale kijijini vilikuwa jozi moja, vya Mwalimu Chande, mwalimu mkuu, vyeusi vya kamba, alivyovaa Idi mbili kwa mwaka na vilivyobaki vimefungwa ndani ya kanga kuukuu. Nikamwambia nataka kuvizoea kabla wageni wa chanjo hawajafika, wanikute nadhifu.

"Usikanyage kisigino," akaniambia.

"Sikanyagi."

"Na usipite kwenye umande."

"Mwalimu, nitapita wapi basi?"

"Utajua mwenyewe. Hivyo viatu si vyako."

Vilikuwa vyembamba, jamani, vyembamba kama maneno ya mkwe. Niliushindilia mguu mle ndani pamoja na kitambaa chake na usaha wake unaoanza, katika joto lile, nikafunga kamba. Siku ya kwanza nilichechemea. Siku ya pili nikahisi kitu kinenani, upande wa kulia, kigumu, cha moto, kikubwa kama yai la kanga. Nikakigusa nikajua. Nilijua hata ni chembe gani zinafanya sherehe mle ndani! Nilikuwa nimewahutubia watu juu ya karakana, sasa karakana imefunguliwa mwilini mwangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeufunga mlango kwa kamba za viatu vya Mwalimu Chande.

Mtoki haukubali kutembea kama mtu. Unataka mguu mmoja uende huku na mwingine kule. Nilipopita mbele ya vijana waliokuwa wanabangua korosho, mmoja akasema, "Bwana Afya, umerudi jandoni?" na mwenzake akamjibu, "Mwache, wengine hukatwa kwa awamu." Nikacheka nao. Ungefanyaje?

Mzee Mbonde akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimeanguka na baiskeli.

"Baiskeli ipi?" akauliza. "Ile iliyoko kwa fundi kule Kivinje tangu kabla ya Ramadhani?"

Nikasema ni ya mtu mwingine. Hakuniuliza ya nani, maana wote wawili tulijua kwamba kijiji kizima kilikuwa na baiskeli ile moja. Mchana wake Zainabu akaniuliza, nikamwambia nimelala vibaya, kiuno. Jioni Mwalimu Chande akaniuliza, nikamwambia viatu vinabana kidogo, naye akakasirika kwa niaba ya viatu. Maneno yangu matatu yakakutana kisimani asubuhi iliyofuata, yakatazamana, yakaona hayafanani, na watu wakatafuta la nne la kwao.

Zainabu ndiye aliyeniletea. Alikuja mpaka barazani, mwana mgongoni, akasimama upande, akitazama ardhi.

"Bwana Afya, kina mama wanasema ule uvimbe wa chanjo umekushukia."

"Umenishukia wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, Zainabu?"

"Mimi nimetumwa tu, kaka yangu." Akavuta kanga usoni. "Wanasema kwa mtoto unakaa kwapani, kwa mwanamume unateremka. Na ukishateremka, basi, kuoa tena hakuna. Mume wangu amesema mkono wa pili wa Hamisi hawaugusi."

Kwa hiyo nikawa ushahidi. Nilichanjwa wa kwanza mbele yao, na sasa natembea kama aliyebeba nazi mapajani. Mpaka hapo waliogoma walikuwa wanawake. Sasa na wanaume waliingia, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu jambo lilikuwa limefika mahali wanapopajali. Na dawa ya uvumi ule, nisikilizeni, ilikuwa ni kuvua kiatu. Basi. Kuvua kiatu, kuonyesha kidonda, kusema nilikwenda shamba peku. Nililijua hilo. Nililala nikilijua, nikaamka nikilijua, na kila nilipotaka kwenda kusema nilimwona Mzee Mbonde akipita na zile katambuga zake zinazopiga kelele, nikarudi ndani. Nikajiambia Landrover ikifika nitawaeleza kitaalamu, watanielewa.

Landrover ikafika. Alishuka muuguzi mmoja, Bi Klara, mwanamke wa milimani aliyesomea kwa masista, mrefu, mchache wa maneno, akaweka meza barazani pa shule akapanga sindano zake. Rimu likagongwa. Watu wakaja, naam, walikuja wote, lakini walisimama mbali, wanaume ukutani kwa darasa la nne, wanawake upande wa pili na watoto wamefungwa migongoni kwa mafundo mawili, na kati yao na meza ile pakabaki uwanja mtupu wenye mlingoti wa bendera katikati.

Bi Klara akatazama uwanja, akanitazama mimi. "Mimi narudi Kilwa leo," akasema. "Na mvua ile pale naiona. Foleni iko wapi?"

"Waambie basi," Mzee Mbonde akanisukuma taratibu.

Nikasogea nikaanza. "Ndugu zangu, kama nilivyowaeleza, tezi ni karakana..."

"Mume wangu," Bi Somoe akanikata kutoka kule alikosimama, "karakana tumeisikia. Hebu tembea kidogo."

"Nitembee niende wapi, bibi?"

"Toka hapo ulipo mpaka kwenye bendera. Si mbali."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Wote walikuwa wakitazama, akina baba, akina mama, Zainabu na mumewe mbele kabisa, nikajua kwamba nisipotembea kazi imekwisha, na nikitembea vibaya imekwisha vile vile. Nikavuta pumzi nikaanza kwenda. Hatua za mwanzo nilizipatia, nilibana meno, nikanyoosha mabega kama askari, nikahisi jasho likinitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Kisha nikakanyaga kijiwe, mguu ukajipinda ndani ya kile kiatu, na maumivu yakapanda kutoka kidoleni mpaka kinenani kama waya wa moto. Nikaruka. Nikaangukia mlingoti nikaushika, na katika kuushika nikashika na kamba, na kamba ilikuwa imefungwa kivivu (na wanafunzi wa Mwalimu Chande, si na mimi), ikafunguka, na bendera ya taifa ikaanza kushuka.

Nyinyi mnaokumbuka enzi zile mnajua maana yake. Bendera ikishuka, kila mtu husimama alipo. Mwalimu Chande, kwa mazoea ya miaka, bila kufikiri, akapaza sauti kutoka barazani, "Mguu sawa!" na kijiji kizima kikasimama wima, wazee, watoto, dereva wa Landrover, hata Bi Klara na sindano mkononi. Wote wima, isipokuwa mimi niliyekuwa nimejikunja chini ya mlingoti na kamba mkononi, nikijaribu kusawazisha mguu ambao haukutaka kabisa kusawazika. Bendera ikashuka polepole, kwa adabu, ikanifunika kichwa.

Nikiwa mle ndani ya bendera nikasikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Nani amekufa?"

Bi Klara ndiye aliyekuja kunitoa. Aliikunja bendera vizuri, akampa Mwalimu Chande, akaniwekea kiganja pajini, na kabla sijamwambia ni baiskeli, akabonyeza palipo penyewe. Nikapiga ukelele. (Ndio huo wanaosema nililia. Si kulia, ni ukelele.)

"Huu ni mtoki," akasema. "Kidonda kiko wapi?"

Na Bi Somoe, aliyekuwa amevuka uwanja bila mtu kumwona, akainama upande wa pili akauliza lile lile, "Kidonda kiko wapi?"

Huyu upande huu na yule upande ule, na nyuma yao kijiji chote kimesogea kikaziba jua.

"Mguuni," nikasema.

"Umekipata wapi?"

"Bega kwa bega."

"Ulikuwa umevaa nini?" akauliza Bi Somoe, na wallahi naamini alikuwa ameshajua.

Nikatazama chini. "Peku."

"Sema wasikie na wa nyuma."

"Peku, bibi! Nilikwenda peku!"

Mzee Mbonde akainua mguu wake mmoja, akaitazama katambuga yake juu na chini, kama mtu anayeangalia mali aliyouziwa kwa ulaghai, kisha akautua mguu. Afadhali angenitukana.

Ikabidi kiatu kitoke, na hakikutoka, mguu ulikuwa umevimba mle ndani. Vijana wawili wakanishika mabegani, wawili wakavuta kiatu, nikaburuzwa uwanjani mara mbili. Bi Klara akaomba wembe.

"Kateni kamba tu!" Mwalimu Chande akalia. "Jamani, msiguse ngozi!"

"Ngozi ya nani, mwalimu?"

"Ya kiatu!"

Walikata vyote, kamba na ngozi ya kiatu, na mguu ulipotoka na kile kitambaa chake, watu wa safu ya mbele walirudi nyuma wakiwakanyaga wa safu ya pili. Halafu wakarudi tena mbele. Mmoja mmoja wakapita kutazama, na kila aliyepita aliinama, akaona kidonda baina ya vidole, akafuata kwa macho njia ya kutoka kidondani mpaka kinenani, akatikisa kichwa. Hawakuhitaji kuelezwa. Kidonda chini, mtoki juu, mambo waliyoyajua tangu wakiwa watoto.

"Kumbe si chanjo," akasema mume wa Zainabu, kama aliyetua mzigo.

"Na huyu je?" Bi Klara akauliza, akimwonyesha Hamisi. Zainabu akamtoa mgongoni, akanyanyua mkono wake. Kwapani hapakuwa na kitu. Uvimbe ulikuwa umekwisha siku nyingi, ila hakuna aliyekuwa amemtazama tena mtoto, wote walikuwa wakinitazama mimi.

Nikaona hapa ndipo pa kumalizia somo. Nikajiinua kwa kiwiko, pale pale mavumbini, mguu umenyooshwa. "Mnaona? Mafundi wake wameshamaliza kusuka mitego, karakana ime..."

"Wewe nyamaza uchomwe sindano," akasema Bi Klara.

"Achomwe kwanza yeye," Bi Somoe akaamua, "tumwone anaamka. Akiamka, tunatoa watoto." Na wanawake wote wakaitikia kwamba hayo ndiyo maneno.

Penisilini huchomwa panapojulikana. Kina mama, kwa huruma, wakanizungushia kanga, wanne wakishika pembe, nikavuta suruali nikamshukuru Mungu kwa kitambaa kile. Lakini pembe moja ilikuwa mikononi mwa Bi Somoe, na Bi Somoe alikuwa na jicho moja tu, na alitaka kuona vizuri sindano inavyoingia, na mtu hawezi kuchungulia na kushika pembe kwa wakati mmoja. Yaliyobaki nawaachia wenyewe. Ninachokumbuka ni sauti yake juu ya kicheko cha uwanja mzima: "Msimcheke mume wangu, mzima huyu, hajapungukiwa na kitu!"

Foleni ikajipanga. Wanawake kwa wanaume, huku wakijifuta machozi ya kicheko, walipita mbele ya meza wakachanjwa, watoto wakalia kidogo wakanyamaza, na gari lilipoondoka na mvua ikitishia kule milimani hapakubaki mtoto pale kijijini ambaye hakuchanjwa. Mimi nilibebwa kwenye machela ya kubebea magunia ya mtama.

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi, siwezi kusema uongo, watoto walikuwa salama. Lakini bwana mkubwa mmoja wa wilayani alipokuja baadaye kuwauliza kina mama ni elimu gani iliyowafanya wakubali, hakuna hata mmoja aliyemtajia tezi, wala chembe, wala mitego. Walimwambia, "Tulimwona Bwana Afya." Akauliza walimwona akifanya nini, wakaangaliana wakaangua kicheko, na yule bwana akaandika kitu ambacho mpaka leo nasikitika sikukisoma. Na mtoki uliponywea, kwa penisilini, nasema kwa penisilini, Bi Somoe alinikuta njiani na fimbo yangu akanipiga bega.

"Waona? Umetaja, umeondoka."

"Bibi, ni ile sindano."

"Sindano ulichomwa baada ya kutaja," akasema, akaenda zake. Tangu siku ile kinu cha mtoki kikarudi kazini, kila mgonjwa akiambiwa ataje kweli kama Bwana Afya alivyotaja, nami sikuwa na uso wa kupiga marufuku kitu.

Mvua zilipokwisha, watu wa kijiji cha jirani nao wakagomea chanjo yao, na mwenyekiti wao akamtuma mtu kwangu. "Tunamwomba yule bwana wa mtoki aje asimame mbele ya kina mama."

Nikamwambia mtoki umeshapona.

Akakuna kichwa. "Sasa utawaonyesha nini?"

Nikamkalisha, nikampa somo lote, karakana na mafundi na kitanda kilichosukumwa ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. "Ni zuri sana hilo," akasema. "Lakini kovu si lipo?"

Lilikuwapo. Nikaenda. Nilisimama kwenye benchi mbele ya watu nisiowajua, nikainua mguu wa kulia, nikataja kwa sauti ya kusikika hata nyuma kwamba nilikwenda shamba peku, nikaficha, nikadanganya mara tatu, nikaangushiwa bendera, na kabla sijalitamka neno tezi walishaanza kupanga foleni. Na nyumbani kwangu sasa kuna kiapo: nikijichoma hata kwa mwiba wa samaki namwita mke wangu, watoto na jirani waje waangalie kabla sijafunga kitambaa, hata kama ni katikati ya chakula, hata kama kuna wageni, na wakinung'unika nawaambia kaeni kimya, tazameni, nimechomwa hapa.